Udongo Ungali Maji: Mazungumzo na Walimu Wapya wa Jumamosi, Kisumu

Hamjambo nyote, na karibuni. Mlio karibu na mlango sogezeni viti mbele, maana mvua ikianza kupiga mabati hatutasikilizana.

Nimeombwa nizungumze nanyi mnaoanza kufundisha watoto wetu sanaa na kazi za mikono. Wenzangu watawaeleza habari za rangi, shanga na batiki baada ya chai. Mimi nitabaki kwenye udongo. Ndio nilioushika kwa miaka mingi kuliko kitu kingine chochote, na mengi ninayoyaamini kuhusu watoto niliyajua nikiwa na tope hadi viwikoni.

Wahenga walisema: udongo uwahi ungali maji. Mmeisikia shuleni, kanisani na kwenye mikutano ya wazazi, na kila mara kwa maana ile ile, kwamba mtoto angali mdogo, basi mkunje upesi kabla hajakauka. Siwapingi wahenga. Ila methali hii ilitoka kwa watu walioujua udongo, na sisi tunaitumia kama watu ambao hatujawahi kuugusa. Mwulizeni mfinyanzi, maji hayo ni kiasi gani? Udongo uliolowa sana haufinyangiki. Ukiinua ukuta wa chungu unalala. Ukibandika mkono wa kikombe unateleza na kuanguka. Mfinyanzi akishainua ukuta kiasi, huondoka. Hufunika kazi yake kwa gunia bichi akaenda kupika, akalala, akarudi kesho yake. Anakuta udongo umekaza kama sabuni ya mche iliyotoka kukatwa: kucha inaingia, lakini ukuta haulegei. Hapo ndipo anapokwangua kitako, anabiringisha kamba iliyosokotwa shingoni ili iache alama zake, na kusugua tumbo la chungu kwa kokoto hadi ling'ae. Kazi hiyo angeifanya jana angeliharibu chungu. Akingoja hadi keshokutwa, atakuwa amechelewa.

Kwa hiyo kuwahi ni kuijua saa yenyewe. Nusu ya ufinyanzi ni kuondoa mikono. Hilo ndilo nililokuja kuwaambia kuhusu watoto, na ningependa niwaeleze nilivyolijua, kwa sababu mtoto mmoja alilipa gharama yake.

Mwaka wangu wa kwanza hapa nilikuwa na mvulana wa miaka saba hivi kutoka Obunga. Alifinyanga ng'ombe. Kichwa kikubwa, miguu minne mifupi kama vidole gumba, na pembe kubwa mno, kila moja nene kuliko mguu, zimepinda hadi karibu zikutane. Nilipita nyuma yake nikaona ng'ombe anaelekea kuanguka kifudifudi kwa uzito wa pembe. Nikamwambia, "Lete nikusaidie kidogo." Nikazipunguza pembe, nikairefusha miguu, nikasawazisha mgongo. Dakika tatu tu. Nikamrudishia ng'ombe mzuri, ng'ombe ambaye mzazi yeyote angemtambua. Mtoto akasema ahsante, mwalimu. Sikuona ubaya wowote.

Jumamosi iliyofuata alikuja, akachukua bonge lake, akaliweka mezani mbele yangu na kutia mikono mapajani. "Mwalimu, nianzie." Nikamwambia aanze mwenyewe. Akasema hajui. Wiki moja kabla alikuwa anajua! Ilichukua muda mrefu, tangu kiangazi cha Januari hadi mvua za masika kwisha, ndipo akafinyanga tena kitu bila kunitazama usoni kila baada ya sekunde mbili. Na nyanya yake, aliyekuwa akija kumchukua, siku moja akanisimulia kwamba kule kwao Seme walikuwa na ng'ombe aliyempiga babu pembe akamvunja mbavu, na mtoto alikuwepo akaona. Pembe ndizo zilikuwa habari yenyewe. Nami nilizikata nikazikanda, nikazirudisha kwenye ndoo.

Tangu siku hiyo nina kanuni moja katika darasa langu, na nitaomba iwe yenu pia: mwalimu haigusi kazi ya mtoto. Akiinama kuitazama, mikono iwe nyuma. Kama kweli miguu haiwezi kubeba kiwiliwili, na wakati mwingine haiwezi, chukua bonge lako wewe. Onyesha pale pembeni jinsi ya kukwaruza sehemu mbili zinazokutana, kuzipaka uji wa udongo na kuzikandamiza zishikane. Ukimaliza, liponde bonge lako mbele yake. Msiliruke hili la kuponda. Kielelezo chako kikibaki mezani watoto thelathini watakiiga, na jioni utakuwa na ng'ombe thelathini waliozaliwa na mama mmoja.

Mara nyingi hata kuonyesha hakuhitajiki. Uliza tu. "Ng'ombe huyu amesimama au amelala?" Niliwahi kumwuliza msichana swali hilo, akafikiri sana, kisha akasema amelala kwa sababu ana ndama tumboni. Miguu ikakunjwa, tatizo likaisha.

Angalieni pia sifa mnazozitoa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mtoto anayeambiwa "nzuri sana" kila anapoinua mkono hujifunza kuinua mkono tu. Sema unachokiona. "Hapa naona alama za meno meno, umetumia nini?" Atakuonyesha kifuniko cha soda, na wa pembeni yake ataanza kupekua mfuko wake. Hayo ni mafundisho tosha.

Halafu kuna ile picha. Mnaijua. Milima miwili, jua linachungulia katikati, nyumba yenye madirisha mawili, mti upande wa kulia. Watoto wa Kisumu, wanaoishi hatua chache kutoka ziwani, wanaoliona jua likizama majini jioni, wanachora jua likitokea katikati ya milima miwili. Walifundishwa na mkono wa mtu aliyechora ubaoni akasema chora kama hii. Siwalaumu walimu wa shule. Wengi walikuwa na watoto sitini na kalamu za rangi kumi na mbili, na sanaa ilipoondolewa kwenye mtihani wa darasa la nane, vipindi vyake vikamezwa na hesabu. Mtaala wa sasa umeirudisha, hata kuna mkondo wa sanaa na michezo katika sekondari ya juu, na hilo ni jambo jema. Lakini mtoto akifika hapa na ile milima miwili, msimkataze. Mpelekeni dirishani. Mwulizeni leo anaona nini.

Sasa vifaa. Mtakuja kwangu mkisema hatuna vifaa, nami nitawatajia Rosemary Karuga. Alizaliwa mwaka 1928, akasoma sanaa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha akafundisha kwa miaka mingi. Alipoirudia sanaa yake kwa nguvu katika miaka ya 1980 hakuwa na pesa za kununua rangi, basi alikata makaratasi ya sabuni na mifuko ya unga, akayabandika kipande kwa kipande hadi yakawa kuku, wanawake shambani, wanyama. Mfuko wa unga una rangi nyingi kuliko mnavyodhani. Wekeni sanduku pale mlangoni na waambieni watoto walete. Zamani tulikuwa tukisuka mikeka midogo kwa juala, ile mifuko ya plastiki, lakini zilipopigwa marufuku Agosti 2017 tukaacha, wala sikusikitika.

Gugu maji tunalo bure, ziwa limejaa. Mmea huu asili yake ni Amerika ya Kusini, na tangu mwisho wa miaka ya 1980 umewasumbua wavuvi wetu, lakini bua lake likikauka vizuri juani linasukika. Unalilowesha kidogo kabla ya kusuka, la sivyo linakatika. Nawaonya: msiwatume watoto kulikata. Konokono wanaobeba kichocho hukaa katika magugu hayo hayo. Nunueni kwa wakataji wa Dunga lililokwisha kukauka. Na wale mtakaofundisha kuchonga mawe ya Kisii kutoka Tabaka, msasa utumike ndani ya karai la maji, kama mafundi wenyewe wanavyofanya, vumbi lisiingie vifuani mwa watoto.

Turudi kwenye udongo. Si kila udongo unafaa. Mwanzoni niliona uvivu kusafiri, nikachimba ule mweusi wa Kano unaonata kwenye viatu wakati wa mvua. Unafinyangika vizuri ajabu. Kisha ukaanza kukauka, na kila kitu kikapasuka, kwa sababu udongo ule hufura sana ukinywa maji na hujikunja sana ukiyapoteza, kama mashamba ya kule yanavyofanya nyufa za kuingiza mguu kiangazi. Siku hizi tunaletewa udongo mwekundu na mama mmoja mfinyanzi wa upande wa Rachuonyo, ambaye sote hapa tunamwita Dani. Ndiye aliyenifundisha kuchanganya unga wa vigae, vile vipande vya vyungu vilivyovunjika, uliotwangwa na kuchekechwa. Unga huo unaupa udongo njia ya kupumua, hivyo maji yanatoka bila kupasua ukuta.

Kuhusu Dani nina neno. Wakati fulani waliokuwa wakitushikia fedha walisema halipwi kama mwalimu kwa kuwa hana cheti. Mimi nina cheti, na niliyoyajua kuhusu moto niliyajua kwake. Mfinyanzi hulia gaeni, naam, lakini si lazima sisi ndio tumpe kigae hicho. Sasa analipwa sawa nami, na mtakapomwona anafundisha, mwiteni mwalimu mbele ya watoto, ili nao wasikie.

Watoto wakiwa naye mimi huwasimulia habari za Urewe. Ni hapo Siaya tu. Wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta huko vyungu vyenye kishimo kidogo kitakoni, mahali pa kutosha ncha ya kidole, na maandishi kuhusu vyungu hivyo yalichapishwa mwaka 1948. Jina la kijiji hicho sasa linatumika kwa ufinyanzi wa namna hiyo katika nchi zote za Maziwa Makuu, kazi ya watu waliokaa hapa zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Nikimaliza kusimulia nasikia kimya, kisha naona vidole gumba vinashuka kitakoni mwa vyungu, kimoja baada ya kingine. Sijawahi kuwaambia wafanye hivyo.

Mwisho, moto. Hapa pia nina kosa la kusimulia. Mwaka mmoja wafadhili fulani walitaka kuja na kamera siku maalum, na siku hiyo iliangukia katikati ya Aprili. Vyungu vilikuwa na siku nne tu tangu vifinyangwe, hewa imejaa unyevu, na mimi nikakubali kuchoma. Dani aliniambia vingali na maji. Nilimsikia nikapuuza. Tulipanga kuni, nyasi na mavi makavu ya ng'ombe, tukawasha. Maji yaliyofichwa ndani ya udongo yakifika nyuzi 100 huwa mvuke, na mvuke huhitaji nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya maji. Haukupata nafasi. Tulisikia milio, pu, pu, kama mahindi ya bisi, na watoto walianza kuhesabu kwa kicheko hadi walipoelewa wanachokihesabu. Vyungu 31 viliingia, 12 vikatoka.

Dani hakunikaripia. Alichukua chungu kingine kilichokuwa rafuni, akakiweka shavuni mwangu. Kilikuwa baridi. "Ukisikia baridi," akasema, "bado." Tangu siku hiyo kila mtoto hukiweka chungu chake shavuni kabla hakijaenda motoni, na yeye mwenyewe ndiye anayesema tayari au bado. Vile vilivyolipuka tulivitwanga Jumamosi iliyofuata, kila mtoto na vigae vyake, tukavichanganya kwenye udongo mpya.

Kumbukeni kwamba kabla ya moto hakuna kilichopotea. Udongo mkavu ambao haujaona moto, hata ukiwa mgumu kama tofali, ukiutia kwenye ndoo ya maji utarudi kuwa tope. Moto ukifika karibu nyuzi 500 au 600 ndipo hubadilika kabisa, na hapo haurudi tena. Kwa hiyo mtoto akitaka kukivunja chungu chake mara tano kabla ya kuchoma, mwacheni.

Naona mvua imepungua. Udongo wa leo niliuloweka Jumanne na Dani ameukanda asubuhi hii, uko chini ya gunia pale nje. Twendeni wawili wawili. Anayeketi kushoto atafinyanga mnyama yeyote anayemkumbuka kutoka nyumbani kwao. Wa kulia atashika mikono yake nyuma na kuuliza maswali tu, kwa dakika ishirini, kisha mtabadilishana. Maji ya kunawa yako kwenye pipa la buluu.