Swali la Elisabeth kwa Descartes

Walimu wangu, wanafunzi wenzangu, asanteni kwa nafasi hii. Mimi bado ni mgeni katika falsafa ya karne ya 17, kwa hiyo leo nitabaki kwenye barua chache tu kati ya Elisabeth na Descartes, maana ndizo zilizonifungulia somo hili.

Descartes, mwanafalsafa Mfaransa, alichapisha kitabu chake cha Tafakuri mwaka 1641. Alitilia shaka kila alichoweza, akakuta kwamba hawezi kutilia shaka kuwa anafikiri. Akaendelea hadi akatenganisha nafsi na mwili: nafsi hufikiri na haichukui nafasi, mwili huchukua nafasi na haufikiri. Ukimsoma peke yako usiku unakubali hatua baada ya hatua, hata huoni pa kumsimamisha.

Elisabeth alipaona. Alikuwa na miaka 24, binti wa mfalme aliyepoteza kiti cha Bohemia, anaishi uhamishoni The Hague. Mwezi Mei 1643 alimwandikia Descartes: nafsi isiyo na umbo inausukumaje mwili? Kusukuma kunataka kugusana, na kisichochukua nafasi kitagusa kwa upande upi? Hebu kila mmoja wetu ainue mkono. Nani ameuinua, na ameushikia wapi?

Descartes alijibu kwa mfano wa uzito: tunadhani uzito hulishusha jiwe chini, wala hatufikirii kwamba kuna uso unaolisukuma. Elisabeth hakuridhika. Alirudisha jibu, kwa adabu kamili, kwamba kwake ni rahisi kuikubalia nafsi iwe na maada kuliko kukubali kuwa kisicho na maada kinausogeza mwili. Ndipo Descartes akamwambia kwamba muungano wa nafsi na mwili hujulikana vizuri zaidi katika maisha ya kila siku na mazungumzo ya kawaida, kuliko katika kutafakari. Mimi naona hapo alikwama. Lakini namheshimu, kwani hakumkatia mawasiliano. Mwaka uliofuata alitabaruku kitabu chake cha Kanuni za Falsafa kwa Elisabeth.

Na mjadala haukuishia hapo. Mwaka 1734, katika chuo kikuu cha Wittenberg, Ujerumani, mwanafalsafa Anton Wilhelm Amo, mzaliwa wa Axim katika Ghana ya leo, alitetea tasnifu kwamba kuhisi ni kazi ya mwili, si ya nafsi. Humo alimkosoa Descartes kwa yale aliyomwandikia Elisabeth. Mwafrika huyu alifundisha katika vyuo vikuu vya Halle na Jena, hukohuko Ujerumani, na inaniuma kwamba mihtasari mingi humruka, ikatoka kwa Descartes moja kwa moja hadi wanafalsafa Spinoza na Locke.

Ombi langu kwa mnaoanza kama mimi: msisome Tafakuri bila pingamizi za wasomi wa wakati wake Hobbes, Gassendi na Arnauld, zilizochapwa pamoja nazo tangu mwanzo. Kisha someni barua za Mei na Juni 1643. Ni fupi. Aliye na jibu ambalo Elisabeth angelikubali, asimame sasa, maana muda wa maswali umefika na mimi sijalipata.