Hedifoni na maiki za kompyuta: anza na kichwa chako, kisha chumba chako

Hamjambo ndugu zangu mnaotutazama Kampala, Arua, Jinja, Bombo na kwingineko. Video hii ni yenu nyote ambao kazi au masomo yenu yamehamia kwenye kompyuta: mwalimu wa Kiswahili mwenye wanafunzi wa mtandaoni, kijana anayepokea simu za wateja akiwa nyumbani, mwanafunzi wa chuo anayehudhuria vipindi kwa Zoom. Tunatafuta hedifoni utakazozivaa masaa manne mfululizo bila kichwa kuuma, na maiki itakayofikisha sauti yako bila kubeba kila bodaboda inayopita nje.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, igeuze kompyuta yako uitazame ubavuni. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza, na wengi huiruka. Nasogeza kamera hapa muone. Laptopu nyingi za sasa zina tundu moja dogo la duara, linalopokea sauti na maiki kwa pamoja. Kompyuta nyingi za mezani zina matundu mawili: la kijani ni la kusikiliza, la waridi ni la maiki. Sasa chukua plagi ya hedifoni uhesabu zile pete za plastiki zinazoizunguka. Pete mbili maana yake ni sauti tu. Pete tatu maana yake kuna waya wa maiki pia. Ukichomeka plagi ya pete tatu kwenye tundu la kijani la kompyuta ya mezani, kwa kawaida utasikia vizuri lakini wewe hutasikika. Watu hurudi dukani wakilalamika kwamba maiki imekufa, kumbe inahitaji kigawanyo tu, huu waya mfupi wenye plagi mbili, ambao bei yake ni ndogo sana.

Hedifoni za USB hazina shida hiyo. Zimebeba kadi yake ya sauti ndani, kwa hiyo kama laptopu yako ni kuukuu na tundu lake linakwaruza, USB inakuokoa. Angalia tu kama mashine yako ina USB pana au ile ndogo, Type-C.

Na Bluetooth? Kwa kusikiliza muziki ni nzuri. Kwa mikutano ya kila siku, mimi nasema nunua za waya. Nyingi zinazouzwa zinatumia mfumo wa zamani ambao hauwezi kupitisha sauti nono na maiki kwa wakati mmoja. Ukifungua maiki, sauti unayosikia inashuka ghafla na kuwa kama ya simu. Si ubovu wa kifaa, ndivyo mfumo ulivyoundwa. Halafu kuna suala la chaji: umeme ukikatika usiku kucha, asubuhi ya usaili wako hedifoni za waya zitafanya kazi bila kudai kitu.

Hatua ya pili ni kichwa chako, na hapa tutakaa kidogo.

Nina aina tatu mezani. Hizi huingia ndani ya sikio. Hizi hulala juu ya sikio. Na hizi huzunguka sikio lote. Kwa mtu wa masaa mengi, chagua hizi za tatu. Zinazolala juu ya sikio hubana gegedu, na kama unavaa miwani, sikio linabanwa dhidi ya mkono wa miwani hadi linawaka. Zinazoingia ndani zinafaa kwa simu fupi, lakini ukizivaa siku nzima sikio hutoa jasho na kuwasha.

Ukizivaa zile za kuzunguka, sikiliza ngozi yako. Je, sikio lote limeingia ndani ya pedi, au ukingo umekalia ncha ya juu? Je, sikio linagusa kile kitambaa cha ndani kinachofunika spika? Likigusa sasa, baada ya saa moja litauma. Inama kama unayeokota kalamu: zisianguke. Fungua na funga taya kama unayetafuna: zisikukamue mashavu. Kuhusu uzito, zikiwa chini ya gramu 300 shingo haitalalamika sana, lakini utepe wa juu uwe na sponji ya kutosha, kwa sababu utosini ndipo uzito wote unapokaa.

Nenda dukani ukiwa umevaa vile unavyovaa kazini. Dada mwenye hijabu ajaribu juu ya hijabu yake, mwenye rasta au misuko mikubwa ajaribu na misuko yake, mzee wa kofia aende na kofia. Utepe unaotosha kichwa kitupu unaweza kukosa kabisa kuenea. Mwenye miwani atafute pedi laini sana, kwa sababu mkono wa miwani huacha upenyo na sauti nzito hutorokea hapo.

Katika maduka ya akedi, yale majengo yenye vibanda vingi vya biashara, pale katikati ya Kampala, muuzaji mara nyingi hataki kufungua boksi jipya. Ana haki yake. Muombe zile za maonyesho: "Ssebo, naomba nizivae kidogo huku nikitazama vingine." Kisha kaa nazo dakika kumi na tano kamili, ukitembeatembea na kuuliza bei za vitu vingine. Dakika mbili hazikwambii lolote, kwa sababu kila hedifoni ni nzuri katika dakika mbili. Ukiridhika, ndipo uanze kupatana bei, na uondoke na risiti.

Tazama pia ngozi ya pedi. Ngozi bandia huzuia kelele vizuri lakini inapika masikio, hasa chumba cha mabati kikipigwa na jua la mchana. Pedi za kitambaa zinapumua, ila zinapitisha kelele zaidi. Muulize muuzaji kama pedi zinatoka na kama za kubadilisha zinapatikana. Ngozi bandia huanza kubanduka kwa jasho na mafuta, na hakuna sababu ya kutupa hedifoni nzima kwa ajili ya pedi.

Sasa ile alama ya "kuzuia kelele" kwenye boksi. Ielewe vizuri, maana inaongeza bei. Teknolojia hiyo inapunguza hasa sauti nzito zisizobadilika: jenereta la jirani, feni, mngurumo wa basi. Watoto wakipiga kelele au honi ikilia, utaendelea kuwasikia. Tena inakusaidia wewe unayesikiliza tu. Mtu wa upande wa pili bado anasikia jenereta, mpaka maiki yenyewe iwe na ulinzi wake.

Kuna sababu ya kiafya ya kutaka hedifoni zinazoziba vizuri. Shirika la Afya Duniani linashauri usikilize kwa desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti) kwa muda usiozidi masaa 40 kwa wiki. Ukipanda hadi desibeli 90, muda huo unashuka hadi masaa 4 kwa wiki nzima. Mvua ikiangukia mabati, mkono unakwenda wenyewe kuongeza sauti. Pedi zinazoziba zinakupunguzia haja hiyo, na uziwi unaoletwa na kelele hauponi.

Hatua ya tatu ni maiki. Nataka mnisikilize kwa makini hapa, kwa sababu pesa nyingi hupotea katika hatua hii. Maiki ya bei nafuu iliyo karibu na mdomo inaishinda maiki ya gharama iliyo mbali. Kila ukiongeza umbali mara mbili, sauti yako inashuka kwa takriban desibeli 6, lakini kelele za chumba zinabaki palepale. Ndiyo maana maiki iliyo ndani ya laptopu inakufanya usikike kama uko bafuni.

Kwa mikutano na kufundisha, chagua hedifoni zenye mkono wa maiki unaopinda. Iweke kwenye kona ya mdomo, upana wa vidole viwili kutoka shavuni, hivi. Isikae mbele ya midomo, pumzi za P na B zitaipiga. Ijaribu kwa sentensi hii: "Baba Pili alipika pilau ya Pwani." Ukisikia vishindo, isogeze pembeni kidogo au ivishe sponji. Epuka zile maiki zilizo kwenye waya kifuani, kila ukigeuka zinasugua shati.

Anayerekodi mawaidha au simulizi atataka maiki ya kusimama. Utaambiwa kuna kondensa na dainamiki. Kondensa inasikia vitu vidogo sana, pamoja na jogoo wa jirani. Kama chumba chako kiko kando ya barabara au chini ya mabati, chukua dainamiki inayosikia upande wa mbele, uiongelee kwa karibu, na mgongo wake uelekee dirishani. Kuwa mwangalifu: kondensa za studio zinahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kifaa kingine. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye laptopu, haitatoa sauti. Anayeanza anunue ya USB.

Chumba nacho ni nusu ya kazi. Pazia nzito, godoro lililosimamishwa ukutani, rafu ya vitabu, vyote hunyonya mwangwi.

Hatua ya mwisho, mipangilio. Kwenye Windows fungua Mipangilio, Mfumo, Sauti, kisha hakikisha maiki mpya ndiyo iliyochaguliwa, maana kompyuta hupenda kurudi kwenye ile yake ya ndani. Rekodi sekunde kumi za ukimya, halafu zungumza kwa sauti yako ya kawaida. Ukitumia Audacity, programu ya bure ya kurekodi sauti, vilele vya sauti vicheze kati ya desibeli -12 na -6. Vikigonga sifuri sauti inapasuka, na mpasuko huo ni vigumu sana kuurekebisha baadaye. Zoom ina kichujio cha kelele, kiache kikiwa kimewashwa kwa mazungumzo. Lakini ukifundisha adungu au nyimbo, washa ule mpangilio wa sauti halisi kwa wanamuziki, la sivyo kichujio kitadhani nyuzi zako ni kelele na kuzikata.

Kisha mpigie rafiki kupitia kompyuta. Akisema anakusikia vizuri, usikate simu bado. Nyamaza kidogo, kisha umuulize: "Mbali na mimi, unasikia nini kingine?" Akitaja feni, zima feni. Akitaja barabara, geuza maiki. Akisema anajisikia mwenyewe akirudi, sauti ya hedifoni zako inavuja hadi kwenye maiki: ipunguze, au zikaze pedi zizibe vizuri zaidi.