Bunduki ya Babu: Kuisoma Chini ya Mbao

Shikamooni wazee wangu. Vijana, karibuni, na walio nyuma kule sogeeni, viti vya mbele vipo.

Wengi wenu mkija hapa mmepita Sanamu ya Askari, yule aliyesimama tangu 1927, singe imeelekezwa bandarini. Mimi nina hakika sanamu ile imechangia kosa ninalokutana nalo kila mara. Muulize mtu wa Dar bunduki ya urithi ya kwao imetoka wapi. Atajibu bila kufikiri: "Hiyo ya Mjerumani. Babu aliipata vitani." Karibu familia zote zina babu huyo huyo.

Nianze na familia moja ya Temeke. Bunduki yao niliikuta kituo cha polisi, kwa sababu walifanya jambo la kwanza kwa usahihi: mzee alipofariki, waliikabidhi. Hili nalitaja mara moja tu. Kibali cha silaha ni cha mtu, si cha ukoo. Mrithi hawezi kukaa nayo kwa sababu tu jina lake limo kwenye kikao cha mirathi. Anaomba kibali chake mwenyewe, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Na kabla hata ya kuigusa, aje mtu anayejua kuhakikisha haina risasi ndani.

Jambo la pili hawakulifanya kwa usahihi. Kijana mmoja wa nyumba ile, kwa kumheshimu babu, alikuwa ameisugua bunduki kwa msasa mpaka ikang'aa kama sufuria ya sikukuu. Jina lililokuwa juu ya mtutu likabaki herufi tatu. Nilitaka kulia. Kutu kidogo haifuti maandishi, msasa unafuta. Kama imekushinda kuiacha, ipake mafuta mepesi kwa kitambaa, basi.

Lakini pia nikawaambia msihuzunike sana, maana jina lile kubwa la juu huwa ndilo linalodanganya watu. Mara nyingi ni la muuzaji. Chukueni mfano wa John Rigby wa London. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1890 hadi 1912 alikuwa wakala wa Mauser, kiwanda cha bunduki cha Kijerumani, nchini Uingereza. Akinunua mitambo ya bunduki Ujerumani, akiiwekea mtutu na kitako, jina la juu linasomeka Rigby, London, lakini ule mwili wa chuma unaobeba bolti, kile kipande kinachofunga nyuma ya mtutu, umezaliwa Oberndorf, mji mdogo kando ya mto Neckar. Bunduki kama hiyo ina namba mbili: ya Mauser na ya Rigby. Ukimwandikia Rigby kuuliza, mpe namba yake. Vitabu vyake vya mauzo vipo. Vya Mauser usivitafute. Wafaransa waliiteka Oberndorf mwaka 1945, kiwanda kikavunjwa na kumbukumbu zake zikateketezwa.

Kama kiwanda chenyewe kimeandika jina lake ubavuni, soma neno kwa neno. "Waffenfabrik Mauser" ni ya hadi 1922. "Mauser-Werke" ni baada ya hapo. Neno moja tu, na tayari umejua kama bunduki ingeweza kuwepo Vita Kuu ya Kwanza au haingeweza. Ya Temeke ubavu ulikuwa mtupu, jambo la kawaida kwa mitambo iliyouzwa kwa mafundi wengine.

Kwa hiyo tukafungua mbao. Nasema tukafungua, maana alikuwepo fundi mwenye bisibisi inayokaa sawasawa kwenye skrubu. Tafadhali, kisu cha jikoni kisihusike. Mtutu ukitoka kwenye mbao, upande wa chini ambao jua halijauona tangu kiwandani, ndipo palipo na cheti cha kuzaliwa.

Ujerumani, kwa sheria ya 1891 iliyoanza kufanya kazi 1893, kila mtutu ulipelekwa kwenye nyumba ya majaribio, ukapigwa risasi yenye nguvu kupita kawaida, na ukipona ukagongwa muhuri. Taji juu ya B: umejaribiwa. Taji juu ya U: umekaguliwa. Taji juu ya G: una mikato ya kuzungusha risasi. Taji juu ya N: umejaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Kuanzia 1940 taji likaondoka, akaja tai. Kwa hiyo ukiona tai juu ya N, usiniletee habari za Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani hapa kwetu Vita Kuu ya Kwanza.

Waingereza nao wana mataji yao. Birmingham, kuanzia 1904, taji liko juu ya BP na BV. London utaona GP na V. Wabelgiji wa Liège wana herufi ELG ndani ya duara la yai, na taji juu yake likiwa la 1893 au baadaye.

Turudi Temeke. Chini ya mtutu ule palikuwa na taji-B, taji-G, taji-U, taji-N, na namba 67.49. Kijana wa msasa akaruka: "Mwaka 1867!" Hapana, mwanangu. Mnaijua shotigani ya kumi na mbili? Kumi na mbili maana yake ni vipira vya madini ya risasi vinavyoenea mtutu ule, kumi na viwili vikikamilisha ratili moja. Namba 67.49 ni hesabu hiyo hiyo. Ukiigeuza kuwa milimita unapata kama 10.4, nafasi iliyopo katikati ya mikato. Huo ni mtutu wa risasi ya 10.75x68, risasi nene ya Mauser ya kupigia wanyama wakubwa. Jeshi la Ujerumani halikuwa na risasi hiyo.

Bunduki ya vita ina sura nyingine kabisa. Askari wengi wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, mwaka 1914 bado walikuwa na Mauser ya 1871, inayopiga risasi moja moja kwa baruti nyeusi. Ukifyatua, moshi unamwambia adui ulipojificha. Hiyo ubavuni ina herufi za Kijerumani cha kale, "Mod. 71". Gewehr 98, bunduki ya jeshi la Ujerumani iliyofuata, ina jina la kiwanda na mwaka juu ya chemba, pale risasi inapokaa: Danzig, Spandau, Amberg, Erfurt. Lee-Enfield ya Mwingereza ina taji, herufi za mfalme, kiwanda na mwaka kwenye shingo, pale mkono unaposhika. Zipo zilizokatwa mbao baadaye zikafanywa za kuwindia, kwa hiyo mwili unaweza kuwa wa 1916 na kitako cha miaka ya hamsini. Usitafute umri mmoja. Tafuta umri wa kila kipande.

Kuna hatari hapa, nisimame kidogo. Risasi kuingia kwenye chemba si ushahidi kwamba ni yake. Mauser za zamani za milimita 8 zilitumia risasi ya kipenyo cha 8.07, baadaye jeshi likahamia 8.20. Ganda ni lile lile kwa kulitazama. Ukiipiga nene kwenye mtutu mwembamba, uso wako upo sentimita chache tu kutoka kwenye bolti. Fundi apime mtutu na chemba kwanza.

Sasa, pembeni ya 67.49 palikuwa na tarakimu ndogo nilizozisafisha kwa mswaki na mafuta ya taa: 7.27. Mwezi wa saba, 1927. Mafundi wa Suhl, mji wa bunduki kule Ujerumani, walikuwa na desturi hiyo. Vita vilikwisha 1918. Nikawageukia ndugu wale, na nikiri nilijisikia mjuaji sana: jamani, hadithi ya babu haiwezi kuwa kweli.

Shangazi yao mkubwa, mwanamke wa Korogwe aliyekuwa kimya muda wote, akauliza, "Wajerumani hawakurudi?"

Walirudi. Waingereza waliwaruhusu kuanzia 1925, na wapo waliolima mkonge. Nikamjibu hivyo.

"Basi baba alikuwa mpishi wa mmoja wao shambani," akasema. "Vita vilipoanza Waingereza wakaja kumkamata yule mzungu, bunduki ikabaki kwa baba. Mjerumani ni kweli, na vita ni kweli. Nyinyi nani aliwaambia ni vile vya kwanza?"

Ilikuwa 1939. Nikaomba radhi, tukarudisha mbao, tukakaza skrubu. Haya, maswali. Mama pale mwenye kitenge cha bluu, nilikuona umenyoosha mkono tangu zamani.