Bunduki ya Mreno Iliyotoka Berlin

Wazee shikamooni, na vijana wenzangu habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie bunduki za vita ambazo wakusanyaji wa vitu vya kale huzisaka. Ningeweza kuanza na Lee-Enfield, ile bunduki ya Mwingereza, lakini hiyo ina wasemaji wengi. Mimi nimewaletea ya pembeni: Mauser-Vergueiro ya mwaka 1904, bunduki ya jeshi la Ureno.

Tazameni picha hii ukutani. Juu ya chemba, pale mtutu unapoanzia, pana taji, na chini yake herufi za Carlos wa Kwanza, mfalme wa Ureno aliyeuawa kwa risasi Lisbon mwaka 1908. Sasa tuje kwenye bolti, kile chuma unachokivuta nyuma na kukisukuma mbele kuingiza risasi. Katika Mauser iliyozoeleka, ile ya Mjerumani, chuma cha nyuma kimeizunguka bolti yote. Hapa kimepasuliwa juu, mkono wa bolti ukipita kwenye huo mwanya. Ni kazi ya Vergueiro, afisa wa Kireno. Lakini Ureno haikuzitengeneza yenyewe. Ilimwagizia Mjerumani, kiwanda cha DWM cha Berlin, kikatoa kama 100,000.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 Wareno walizifupisha nyingi na kuzigeuza zipige risasi ya milimita 7.92. Kwa hiyo mkusanyaji akikuta ndefu, yenye mtutu wake wa asili wa milimita 6.5, haachi kuipapasa.

Sasa turudi huku kwetu. Vita vilipoanza mwaka 1914, kombania nyingi za askari wa Mdachi, yaani Mjerumani, zilikuwa bado na bunduki ya mwaka 1871. Risasi moja moja, nene, milimita 11, na baruti ya zamani. Askari anajificha vizuri kichakani, anafyatua mara moja tu, wingu la moshi linapanda juu ya kichaka. Adui hahitaji tena darubini. Meli mbili zilipenya na kuleta silaha, Rubens mwaka 1915 na Marie mwaka 1916, kisha mlango wa bahari ukafungwa.

Novemba 1917 von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mdachi, alikuwa amesukumwa hadi mto Ruvuma, chakula kimekwisha, risasi zinahesabika. Tarehe 25 alivuka na watu wake kuingia Msumbiji, koloni la Mreno, akawavamia Wareno Ngomano, pale mto Lugenda unapokutana na Ruvuma. Meja Teixeira Pinto, aliyekuwa akiongoza upande wa Wareno, aliuawa siku hiyohiyo. Mdachi alipata bunduki kwa mamia, bombomu (bunduki za rashasha) sita na risasi kama 250,000.

Hizo risasi ndizo hasa zilizokuwa zikitafutwa. Bunduki bila risasi yake ni mti wa kuanikia nguo. Ya milimita 11 haiingii kwenye mtutu wa 6.5 hata ukiisukuma kwa nyundo, kwa hiyo askari aliyebadilisha bunduki alibadilisha pia mzigo wa mpagazi aliyemfuata nyuma. (Wapagazi wanastahili mhadhara wao wenyewe, nikianza hapa hatutalala.) Toka siku hiyo vita vya Msumbiji vilipiganwa kwa mali ya mwenye nchi: unashambulia boma, unabeba risasi na unga, kesho unazitumia hizohizo kwenye boma la pili.

Mwaka mmoja kamili baadaye, 25 Novemba 1918, kikosi hicho kilisalimisha silaha Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, Zambia. Vita Ulaya vilikuwa vimekwisha wiki mbili nyuma. Wajerumani 155 na askari 1,168 walipanga silaha zao chini, zikahesabiwa: bunduki 1,071, zote za Kiingereza na za Kireno. Katika orodha hiyo hamna bunduki ya Mjerumani hata moja, ila tu ukiinama ukaangalia zile za Kireno zimefuliwa wapi.

Haya, nani ana swali?