Karatasi ya Baraza na Shamba la Zabibu

(Mazungumzo ya wakili mmoja na wanakikundi cha vikoba (cha kuweka na kukopa), ukumbi wa kata, Hombolo, Dodoma)

Mbukwenyi wazee wangu, mbukwenyi akina mama. Naona wanaume wote mmekaa karibu na mlango. (Kicheko.) Msikimbie, sikuja kuvunja ndoa ya mtu. Nimekuja kuzungumzia karatasi inayotakiwa kabla ya talaka, na baadaye zabibu.

Wengi wanaofika ofisini kwangu mjini kutaka talaka wameshagombana miaka, wameshakalishwa vikao vya ukoo hadi wamechoka. Nikiwauliza, "Hati ya baraza iko wapi?" wananitazama tu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 101, inasema huwezi kuomba talaka mahakamani kabla mgogoro haujapelekwa kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, nalo likathibitisha kwa maandishi, ndiyo hati yenyewe, kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Kikao cha wajomba, hata kama kilichinja mbuzi, si baraza. Barua ya mtendaji wa kijiji si hati. Ushauri wa mchungaji sebuleni kwake si hati pia, isipokuwa jumuiya yake ya dini ina baraza lililotambuliwa rasmi.

Halafu hati yenyewe ina umri. Shauri lifunguliwe ndani ya miezi sita tangu itolewe. Ukiipata wakati wa mavuno ya Machi, ukaificha chini ya godoro mpaka Oktoba, hiyo imekufa, rudi barazani. Nimeona mtu anashinda kesi, mwenzake anakata rufaa, na kila kitu kinafutwa kwa sababu ya karatasi hii moja. Miaka mitatu imekwenda na maji.

Yapo mazingira ambayo baraza linarukwa: mwenzi amekutelekeza na hujui aliko, au ameitwa akakataa kwa makusudi, au kuna jambo lisilo la kawaida linalofanya baraza lisiwezekane. Na mama anayepigwa asisubiri baraza hata siku moja. Aende polisi, Dawati la Jinsia na Watoto.

Ndoa ambayo haijatimiza miaka miwili haiombewi talaka bila ruhusa maalumu ya mahakama. Na ndugu zangu Waislamu, talaka aliyoandika mume haijamaliza kazi kisheria. Baraza likishindwa kuwapatanisha na talaka ikatolewa baada ya hapo, mahakama inakubali kwamba ndoa imevunjika, inatoa amri yake. Wapo waliotoa talaka kwanza, baraza wakalikumbuka baadaye. Hao wanaanza upya.

Sasa zabibu, maana najua ndizo zilizowaleta.

Mwanamume kapanda ekari mbili za zabibu kabla ya kuoa. Kaoa. Mke kaingia shambani miaka kumi: anapogolea, anapalilia, anabeba samadi, anavuna mara mbili kwa mwaka. Wakiachana mume anasema, "Shamba nilikuwa nalo tayari." Kweli ulikuwa nalo, baba. Lakini kifungu cha 114 kinasema mali iliyokuwa ya mmoja kabla ya ndoa, ikiwa imeendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au kwa nguvu za wote wawili, inaingia kwenye mgawanyo. Mizabibu haijipogolei.

Na aliyebaki nyumbani kupika na kulea? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Ikasema kazi za nyumbani ni mchango katika kupata mali. Akina mama wanalipenda sana shauri hili. Wasichoambiwa ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa sababu ilionekana mume alishampa fedha za kuanzisha mradi, akazitapanya. Kwa hiyo mahakama haigawi nusu kwa nusu kama chapati. Inaegemea usawa, lakini inauliza kila mmoja ameweka nini, watoto wanahitaji nini, na madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote ni yapi. Ndiyo, hata mkopo wa kikoba. (Minong'ono.) Tunzeni madaftari yenu, stakabadhi za mbolea, na majina ya majirani waliowaona shambani.

Kiwanja cha Iyumbu au Nala, hapa hapa Dodoma, kilichoandikwa jina la mume peke yake nacho kinaweza kugawanywa kama kilipatikana ndani ya ndoa. Na nyumba mnayoishi haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, kifungu cha 59. Bei za viwanja zilivyopanda tangu Serikali ihamie huku, kifungu hicho kina kazi nyingi.

Watoto, kwa ufupi. Aliye chini ya miaka saba, sheria inadhani ni vyema akae na mama, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Kinachotangulia ni ustawi wa mtoto. Matunzo ni wajibu wa baba hata kama mtoto hakai kwake.

Mzee wangu pale nyuma, uliza.

(Mzee aliuliza: ng'ombe wa mahari hawakumalizwa, je, ndoa ipo, au binti yake anaweza kuondoka tu bila mahakama?)

Ndoa ipo, mzee. Kifungu cha 41 kinasema kutotimiza mila ya mahari hakubatilishi ndoa iliyofungwa kihalali. Ng'ombe wako dai kwa njia yake, lakini binti huyo ni mke wa mtu, na akitaka kutoka atapita mlango uleule: barazani kwanza.

Na huyu mama anauliza baraza letu linakaa wapi. Mwenyekiti wa baraza yumo humu humu. Simama, baba, wakuone.