Mgeni wenu mpeni mbuzi ya nazi

Assalaam alaykum, Bwana asifiwe, na wale wa habari za mchana tu nao nawasalimia. Najua mmeshanisikia na wengine mnacheka kabla sijaanza, ila nyie mnaopokea wageni wa kujitolea majumbani ntawaambia tu mpaka mchoke: mwezi wa Ramadhani msimfiche mgeni chumbani.

Si mnajijua? Anakuja binti wa kujitolea kutoka Ujerumani, saa saba mchana dada aliyefunga anaambiwa akaange chipsi mayai, sahani inafunikwa inapelekwa chumbani, binti anakula peke yake kama mzazi wa juzi. Jioni watu wako mkekani wanafuturu yeye kaambiwa apumzike. Halafu akienda kwao akasema Ramadhani ni watu kusinzia mchana mnanuna!

Kuna mama mmoja hapa Moshi, kule Pasua, huyo ana akili. Mgeni wake hakufunga na hakuna aliyemuuliza, akaambiwa basi wewe ndo muonjaji. Mnaijua shida ya mpishi aliyefunga, haya, unaruhusiwa kugusisha ulimi ukatema lakini nani anautaka huo wasiwasi, mihogo ya nazi imejaa sufuria na hujui chumvi imekolea au vipi. Basi ikikaribia magharibi binti anaitwa jikoni, anadondoshewa mchuzi kiganjani, analamba, watu wote wanamkodolea macho. Siku ya kwanza kasema safi kabisa, kumbe hajui tunavyopenda sisi, magimbi yamepooza mpaka babu akauliza, hapa nyumbani au wodini? Kesho yake akaonja mara tatu tatu! Kufika kumi la mwisho anakuna nazi mwenyewe, na anajua kabisa kwamba ni tende kwanza halafu uji wa pilipili manga, ukianza na sambusa anakuangalia vibaya.

Sasa yupo mtu hapo anasema moyoni, huyo si Muislamu, mnamlazimisha. Nani kamlazimisha? Msafiri na mgonjwa wenyewe wameruhusiwa kula wakalipa baadaye, sembuse yeye. Akitaka kujaribu ajaribu, huku kwetu karibu na ikweta ni masaa 13 na kitu mwaka mzima, kwao mwezi ukiangukia Juni wanafunga zaidi ya 18, na unaangukia, maana kila mwaka unarudi nyuma siku kama 11. Ila jamani mwambieni na maji hayanywewi! Wengi wanadhani maji ruksa, akikuangukia Mbuyuni sokoni na jua lile utajibu nini?

Nilitaka kusema la daku, asishtuke akisikia vyombo saa kumi usiku, na la kupiga watu picha kwenye tarawehe, na la hela ya chakula ambalo ndo mlilolifuata wengi wenu, nawaona. Muda umeisha, naoneshwa saa hapa. Maswali mawili, na asiulize mtu kuhusu wifi.