Parvo kwa Mtoto wa Mbwa Aliyetoka Kununuliwa

Ndugu zangu, wafugaji na wapenzi wa mbwa, asanteni kwa kufika.

Nimeombwa kuzungumzia ugonjwa mkali unaompata mtoto wa mbwa siku chache baada ya kutoka kwa mfugaji. Hapa Dar es Salaam, kama ilivyo katika miji mingi ya Afrika Mashariki, mnunuzi anaponipigia simu akaniambia kwamba mbwa aliyemchukua wiki hii amelala tu, hagusi chakula na ametapika mara mbili tangu asubuhi, jambo la kwanza ninalolifikiria ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa. Minyoo ya safura, homa ya mbwa na utumbo uliojikunja huweza kufanana nayo, ndiyo maana kipimo cha kinyesi kinahitajika. Hata hivyo, kipimo hicho kikisema hakuna parvo ilhali dalili zote zipo, daktari makini humtibu mgonjwa kama mwenye parvo hadi itakapothibitika vinginevyo.

Virusi hivi vilitambuliwa mwaka 1978, na katika muda wa takribani miaka miwili vilikuwa vimeenea duniani. Hushambulia seli zinazojigawa kwa kasi, na kwa mtoto wa mbwa seli hizo ziko hasa kwenye utumbo na kwenye uboho wa mifupa. Utando wa ndani wa utumbo unapobomoka, maji ya mwili humwagika kwa kutapika na kuhara, na bakteria waliokuwa wametulia tumboni hupata njia ya kuingia kwenye damu wakati uleule ambapo seli nyeupe zilizopaswa kupambana nao zimekwisha kupungua. Kinachomuua mgonjwa, basi, ni upungufu wa maji, bakteria katika damu na sukari kushuka, na haya yote yanatibika ikiwa atafikishwa mapema.

Naomba nikae kidogo kwenye neno hilo, mapema. Mtoto wa mbwa mwenye kilo 4 aliyepungukiwa maji kwa asilimia 10 ya uzito wake amepoteza takribani mililita 400, yaani zaidi ya soda nzima ya chupa, kutoka katika mwili unaobebeka kwa mkono mmoja. Mwenye mbwa anaweza kuliona jambo hili mwenyewe kabla hajafika kliniki. Mfunue mdomo, ubonyeze ufizi kwa kidole hadi upauke, kisha uachie. Kwa mbwa mzima rangi ya waridi hurudi kabla ya sekunde 2 kupita. Ufizi ukiwa umekauka na kunata, au rangi ikichelewa kurudi, au ngozi ya mabegani uliyoivuta juu ikabaki imesimama, usisubiri uone kutakuchaje. Mpeleke usiku huohuo.

Kinachotuchelewesha sana ni dhana kwamba mbwa amelishwa sumu. Mtu huona damu kwenye kinyesi, humshuku jirani, kisha humnywesha mbwa maziwa, mafuta ya kula au mayai mabichi kwa nguvu. Mtoto anayetapika akimiminiwa kitu kooni anaweza kukivuta mapafuni, na hapo tunakuwa na wagonjwa wawili ndani ya mwili mmoja. Vidonge vya binadamu vya kutuliza maumivu navyo ni hatari kwake, panadol ikiwemo.

Matibabu yenyewe hayana dawa moja ya miujiza inayopatikana kwetu. Tunarudisha maji na chumvi kwa dripu, tunazuia kutapika, tunatoa antibiotiki kwa ajili ya wale bakteria wa tumboni, tunaangalia sukari na joto la mwili, na tunamlisha. Zamani mgonjwa alifungishwa kula hadi kutapika kukome kabisa. Utafiti uliofanyika Onderstepoort, Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba watoto wa mbwa waliolishwa mapema kwa mpira uliopitishwa puani walipata nafuu haraka kuliko waliosubirishwa, na tangu hapo wengi wetu tumebadilisha utaratibu.

Najua swali linalowaumiza wengi ni la fedha, nami sioni aibu yoyote kulizungumza hadharani. Kumlaza mgonjwa kwa siku kadhaa ni gharama ambayo familia nyingi hazikuipanga, hasa baada ya kumnunua mbwa kwa bei kubwa. Chuo Kikuu cha Colorado State nchini Marekani kiliwafuatilia mbwa 40 wenye parvo, nusu wakilazwa na nusu wakitibiwa kwa utaratibu wa kutolazwa, kwa maji ya chini ya ngozi na sindano za kila siku. Waliolazwa walipona kwa asilimia 90, na wengine kwa asilimia 80. Lakini wote, kabla ya kugawanywa, walikuwa wameongezewa maji kwanza kwenye mshipa. Kwa hiyo mwambie daktari wako tangu mwanzo uwezo wako ni kiasi gani, ili mpange pamoja. Kunyamaza kwa aibu, ukamrudisha nyumbani bila mpango, ndiko kunakoua, kwa kuwa wasiotibiwa kabisa wengi wao hufa. Ikifika mahali mgonjwa amepoa mwili, haitikii tena matibabu, na daktari akashauri alazwe usingizi wa mwisho bila maumivu, kuukubali ushauri huo si ukatili.

Sasa nije kwa mfugaji aliyekuuzia. Hasira ya mnunuzi naielewa, ila haki inahitaji hesabu ya siku. Kwa kawaida dalili huanza kati ya siku 3 na 7 baada ya maambukizi, na mara chache huchukua hadi wiki 2. Mtoto aliyeanza kutapika siku ya pili baada ya kufika kwako karibu kwa hakika alitoka kwa mfugaji akiwa tayari ameambukizwa, hata kama alikuwa akicheza. Aliyeugua baada ya wiki tatu ameupata kwako au njiani. Mpigie mfugaji siku hiyohiyo, kwa lugha ya heshima, kwa sababu ndugu wa tumbo moja na mgonjwa wako huenda wako kwenye nyumba nyingine na wanaweza kuwahiwa. Mfugaji mwaminifu atawajulisha wanunuzi wake wote kabla ya jua kuzama, na kwangu mimi hicho ndicho kipimo chake kuliko vyeti vya ukoo anavyovionyesha. Hifadhi risiti, kadi ya chanjo, jumbe za simu na ripoti ya daktari. Madai ya fedha yatafuata, na yatakuwa na mashiko zaidi yakiwa na karatasi.

Kuna ahadi moja ambayo nawasihi msiipokee kwa pupa: mfugaji kusema atakupa mwingine badala ya aliyekufa. Virusi vya parvo havina ule utando wa mafuta ambao sabuni huuvunja, na vinaweza kudumu kwenye udongo wenye kivuli kwa miezi mingi, hata mwaka na zaidi. Nimeona familia ikizika wawili kwa mfuatano katika ua uleule. Sakafu ya saruji ioshwe kwanza hadi kinyesi chote kiondoke, kwa kuwa uchafu huidhoofisha dawa, kisha imwagiwe klorini ya kufulia, ile ambayo wengi huiita Jik, kipimo 1 kwa vipimo 20 vya maji, iachwe ikiwa mbichi kwa angalau dakika 10. Ua wa mchanga au majani hausafishiki kwa namna hiyo. Hapo mbwa atakayefuata awe mkubwa aliyekamilisha chanjo, si mtoto wa wiki 8.

Na kuhusu chanjo, wanunuzi huambiwa kwamba mtoto amekwisha chanjwa, kumbe amepata sindano moja tu ya wiki ya sita. Kinga anayoipata kwa mama yake kupitia dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, hupungua taratibu, na hufika kipindi ambapo haitoshi tena kuzuia ugonjwa lakini bado ina nguvu ya kuifuta chanjo. Kipindi hicho hutofautiana hata kati ya ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo chanjo hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4, hadi mtoto afikishe wiki 16 au zaidi. Dozi hiyo ya mwisho ndiyo isiyofaa kukosekana, na ndiyo watu wengi huiacha. Ile chanjo ya bure ya kampeni za Septemba 28 ni ya kichaa cha mbwa; ni muhimu mno, lakini haimkingi na parvo.

Aliyepona hupata kinga ya muda mrefu dhidi ya parvo, ila huendelea kutoa virusi kwenye kinyesi kwa wiki kadhaa. Aogeshwe, atengwe na watoto wa majirani, na ratiba yake ya chanjo nyingine iendelee daktari akiridhika na afya yake. Watoto wa nyumbani wasiogope kumkumbatia, kwa kuwa parvo ya mbwa haiwaambukizi binadamu. Wanawe mikono tu kama kawaida.

Ikiwa yupo hapa aliyemwacha nyumbani mtoto wa mbwa asiyekula tangu jana, namwomba asingoje kipindi cha maswali. Aje mbele sasa hivi, tumtafutie kliniki iliyo karibu naye ambayo iko wazi jioni hii.